Paka anayenusa chakula kisha akageuka

Juzi mama mmoja aliniletea paka wake ndani ya tenga. "Daktari, huyu anadeka tu. Leo siku ya tatu anakataa samaki."

Nikapasha jodari kidogo, nikamwekea. Paka akasogea, akanusa, akameza mate mara mbili, akaramba midomo. Kisha akaanza kuparuza sakafu kando ya sahani, kama anayefukia kinyesi chake. "Mama, huyu hadeki," nikamwambia. "Ana kichefuchefu." Kipimo cha damu na ultrasaundi vikaonyesha kongosho, tezi ya tumboni inayosaidia kusaga chakula, limevimba.

Wengi husubiri waone matapishi ndipo waamini. Lakini paka wengi wenye ugonjwa huu hawatapiki kabisa. Wananyong'onyea, wanajikunyata, wanajificha uvunguni. Ndiyo maana nawasihi mtazame mdomo na koo la paka wenu anapofika kwenye sahani.

Mimi huanza na kichefuchefu, hamu ya kula baadaye. Natumia maropitanti, dawa ya kuzuia kutapika, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Isipotosha naongeza ondansetroni, kwa kuwa hizi mbili hazipiti njia moja mwilini. Sambamba na hizo natibu maumivu, mara nyingi kwa buprenorfini, maana tumbo linalouma halitaki chakula. Tafadhali, msimpe paka panadoli. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Akishatulia ndipo naleta mirtazapini ya kuamsha hamu. Ipo ya kidonge na ipo ya kupaka ndani ya sikio. Wengine wakiipata hulia sana na kuhangaika usiku, nami hupunguza dozi. Paka mwenye figo au ini dhaifu nampa kwa kuruka siku.

Kuna ushauri wa zamani wa kumfungisha mgonjwa, asile, ili kongosho lipumzike. Kwa paka ni hatari. Akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini na kulijaza, macho na ufizi huwa vya njano, na sasa una magonjwa mawili. Paka mnene huwahi zaidi. Wala simnyimi mafuta kwenye chakula kama ninavyofanya kwa mbwa. Namtaka ale, basi.

Kumshindilia chakula kwa bomba la sindano nako sikutaki. Anayelishwa kwa nguvu huku ana kichefuchefu huchukia chakula kile kile hata akipona. Bora mpira mwembamba wa kulishia upitao puani. Paka wa kilo 4 huhitaji takriban kalori 190 kwa siku, lakini kama ana siku kadhaa hajala, siku ya kwanza naanza na robo yake tu.

Nyumbani, pasha chakula kifikie joto la mwili, kama nyuzi 38, kinukie. Weka kijiko kimoja. Asipogusa kwa dakika 15, ondoa sahani kabisa, usimwachie harufu puani. Mchuzi wenye kitunguu au kitunguu saumu ni sumu kwake.

Yule paka wa tengani tulimwekea mpira. Siku ya nne aliramba vijiko viwili vya jodari mwenyewe, na mama yake akaniomba niutoe. Nikauacha siku mbili zaidi, mpaka alipomaliza sahani.