Bonde Takatifu la Wainka: fuata maji, mawe utayaona tu

Watu wakisikia nimefika Peru swali la kwanza ni Machu Picchu, ule mji wa mawe mlimani wa Wainka, watawala wa kule kabla ya Wahispania, vipi, ulipanda, kukoje. Nilipanda ndio, ni pazuri, sina ubishi. Ila mimi kazi yangu ni umwagiliaji, mifereji na mabanio (vizuizi vya kugeuzia maji) ndio ugali wangu, na kilichonikamata roho kule ni bonde lenyewe kabla hujafika Machu Picchu, lile linalopitiwa na mto Vilcanota (ukishuka mbele kidogo wanauita Urubamba, mto ni uleule) kuanzia Pisac mpaka Ollantaytambo. Wageni wengi wanalimaliza kwa siku moja ndani ya basi, wanashuka, wanapiga picha ukuta, wanapanda, basi imeisha. Naumia sana nikiona hivyo, kwa sababu kile wanachokiita magofu ni skimu ya maji, tena kuna vipande vyake vinamwagilia mahindi hadi leo nikiwa nimesimama pale naangalia.

Kwanza tumalize habari ya hewa nyepesi ya milimani maana imeharibia watu safari. Ndege inakushusha Cusco, mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari, na watu wengi wanalala hapohapo usiku wa kwanza. Usifanye hivyo. Chukua gari ushuke bondeni siku hiyohiyo, Urubamba mjini ni kama mita 2,870 na Ollantaytambo ni kama 2,790, hizo mita 500 ni nyingi kwa mwili ambao umetoka Dar juzi. Kwa waliowahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, Chinchero ni mita 3,760, yani umekaa juu kidogo ya kibanda cha Horombo, na pale watu wanalima viazi na watoto wanacheza mpira. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa naye aliona haya mambo ya kupumzika ni uoga, akakesha anatapika na kichwa kinampasuka, Pisac hakuiona. Kunywa maji, kunywa chai ya majani ya koka wanayokukaribisha nayo kila nyumba, tembea polepole siku mbili, alafu ndio upande juu.

Haya, Pisac. Kuna njia mbili, unapanda kwa miguu kutoka sokoni au unachukua teksi mpaka juu ushuke kwa miguu, na mimi nakushauri hii ya pili kwa sababu utashuka pamoja na maji. Mlima mzima umekatwa matuta ya ngazi, wenyewe wanayaita andenes, yamefuata umbo la mlima kama mtu aliyekunja kitambaa vizuri. Sisi huku tunajua fanya juu, unachimba mtaro unatupa udongo upande wa juu, mvua inakusaidia kusawazisha taratibu miaka inavyokwenda. Wainka walijenga ngazi nzima mara moja, kuanzia chini. Sehemu moja ukuta ulikuwa umebomoka kama upana wa mlango nikachuchumaa kuangalia ndani, na pale ndipo nilipoelewa. Chini kabisa kuna mawe makubwa ukubwa wa kichwa cha mtu, juu yake kokoto, juu ya kokoto mchanga na changarawe, alafu juu kabisa ndio udongo mweusi wa kupandia, ambao mwingi ulibebwa mgongoni kutoka sehemu nyingine. Nikaingiza mkono kwenye ile kokoto, ilikuwa baridi na ina unyevu kidogo, wakati udongo wa juu ulikuwa umekauka kabisa maana ni mwezi wa nane, kiangazi chao.

Maana yake ni hii. Mvua ikipiga, maji hayakai nyuma ya ukuta yakausukuma, yanazama mpaka kwenye mawe makubwa na kutoka pole pole kwenda ngazi ya chini. Ukuta wa kuzuia udongo unakufa kwa sababu ya maji yaliyonasa nyuma yake, hili nimeliona kwenye kuta za zege za juzi tu zenye miaka mitatu. Alafu ukuta wenyewe umeinamia ndani kidogo kuelekea mlimani, na mawe yake yanashika joto la jua mchana na kulitoa usiku, hivyo baridi kali ya alfajiri haiugusi mmea kirahisi. Kitu kimoja, kazi tatu. Mhandisi wa maji wa Marekani, Kenneth Wright, aliyechunguza Machu Picchu miaka mingi, alikadiria kwamba kama asilimia 60 ya kazi ya ujenzi kule iko chini ya ardhi, misingi na njia za maji. Kwa hiyo zile picha tunazotumiana ni sehemu ndogo tu ya jengo.

Na kabla hujaondoka Pisac geuka uangalie mto huko chini. Umenyooka. Mto wa bondeni haunyooki wenyewe, unapinda kama nyoka, na pale Wainka waliunyoosha kwa kuta za mawe kwa kilomita kama 3 ili wapate shamba tambarare upande na upande. Mwongozaji wetu wala hakuutaja.

Usafiri ni rahisi, kuna kolektivo, ambazo ni hizihizi haisi zetu, zinajaa ndio zinaondoka, na vijijini kuna bajaji. Nauli ni ndogo. Tiketi moja ya utalii inakuingiza Pisac, Chinchero, Moray na Ollantaytambo, ila vidimbwi vya chumvi vya Maras unalipia mwenyewe pembeni kwa sababu ni mali ya wanakijiji. Ukiona ufito mrefu nje ya nyumba umefungwa mfuko au kitambaa chekundu, ujue humo kuna chicha, pombe ya mahindi yaliyooteshwa, na wengi kabla ya kunywa wanamwaga kidogo chini kwa ajili ya ardhi. Na ule mahindi yao ya kuchemsha na jibini, punje moja ni kubwa kama ukucha wa kidole gumba, mahindi meupe ya Urubamba ambayo yana jina dunia nzima.

Moray watu wanaenda kwa ajili ya picha, yale matuta ya duara kama bakuli kubwa, la ndani kabisa lina kina cha mita kama 30. Utasikia kwamba kilikuwa kituo cha utafiti wa kilimo na kwamba chini na juu vinapishana joto nyuzi 15. Hiyo ya utafiti ni nadharia inayopendwa, mimi naona tunaharakisha kuwavisha Wainka koti jeupe la maabara. Kwangu cha ajabu ni kwamba bakuli limekaa pale mamia ya miaka na chini halijawa bwawa, maji yanazama yanapotea. Na mfumo ukizidiwa unaona matokeo, mvua kubwa za 2010 ziliangusha kipande cha kuta upande mmoja. Mvua hizohizo za Januari ndizo zilizoufanya mto ubebe reli, maelfu ya watalii wakatolewa na helikopta. Kwa hiyo nenda kati ya mwezi wa tano na wa tisa.

Maras ni mwendo mfupi kutoka hapo. Kichemchemi kimoja cha maji ya chumvi, mkondo wenyewe unaweza kuuvuka kwa hatua moja, kinagawanywa kwa vijifereji kwenda kwenye vidimbwi zaidi ya 3,000 ubavuni mwa mlima, kila familia na vyake. Unaziba kwa jiwe na tope, unafungua, unasubiri jua likaushe, unakwangua. Siku hizi mgeni haruhusiwi kutembea katikati ya vidimbwi, na ni sawa kabisa, viatu vyetu vilikuwa vinachafua chumvi ya watu wanaoitegemea.

Chinchero nitaenda haraka, ingawa wanawake wake wanaofuma nguo wanastahili siku nzima. Mama mmoja aliniwekea kiganjani kijidudu cha kijivu kinachokaa kwenye mpungate, akakiponda kwa kidole, kiganja kikawa chekundu kama damu, akakamua ndimu kidogo ikageuka kuelekea rangi ya chungwa, akanyunyiza chumvi ya madini ikaenda zambarau. Ndio rangi za zile nguo zao. Kinachonitia wasiwasi Chinchero ni uwanja wa ndege wa kimataifa unaojengwa pale juu kwenye uwanda, jirani na ziwa Piuray ambalo linapeleka maji Cusco. Wanaakiolojia wengi waliupinga, na wapo wenyeji wanaoutaka kwa ajili ya ajira, nawaelewa. Ila mimi ni mtu wa maji, ukiweka lami na hoteli juu ya chanzo utakuja kuulizwa huko chini.

Sasa Ollantaytambo. Pale lala usiku mbili, tafadhali. Wageni wanakuja kupanda treni ya Machu Picchu, kule hakuna barabara ya gari, wanapanda hekaluni wanaona yale mawe sita makubwa ya rangi ya waridi, yalitolewa mlima wa pili ng'ambo ya mto, na kuna mengine yameachwa njiani mpaka leo, wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka. Hapohapo mwanzoni mwa 1537 Manco Inca, mfalme wa Wainka, aliwarudisha nyuma Wahispania wa Hernando Pizarro, na silaha mojawapo ilikuwa maji, walifungulia mifereji uwanda ukajaa na farasi wakazama kwenye tope. Mtu ukishajua kulisha shamba, kulizamisha ni kufungua banio tu.

Ila amka saa kumi na mbili asubuhi utembee mtaani. Mji wa chini bado ni ule wa Wainka, vitalu vya nyumba vyenye mlango mmoja, na kila kichochoro kina mfereji wa mawe pembeni, maji ya mserereko kutoka mto Patacancha, yanapiga kelele usiku kucha. Nilimkuta bibi mmoja ameshika jiwe bapa na kitambaa kilichochakaa. Akaliweka jiwe katikati ya mfereji, akasokota kitambaa chini yake, maji yakapanda kama vidole viwili na kuingia kwenye tundu la ukuta wake. Nilimsalimia mamay, ndivyo Wakechua, wenyeji wa kule, wanavyomwita mwanamke mzima, kama sisi na mama, akacheka kwa furaha. Kwetu Upare tunafanya vilevile kwa kipande cha mgomba na tope.

Siku ya pili nikafuata huo mto kwenda juu mpaka Pumamarca, karibu masaa mawili ya kupanda. Bonde hili ni mojawapo ya sehemu ambazo mwanaakiolojia wa Kiingereza Ann Kendall na wenzake walisaidiana na wanakijiji kufufua mifereji ya kale, kazi aliyoianzia bonde jirani la Cusichaca, wakitumia udongo wa mfinyanzi na mawe badala ya saruji, kwa sababu saruji inapasuka ardhi ikicheza na fundi wa kijijini hawezi kuziba ufa wake bila kununua mfuko. Njiani tulimkuta mzee anang'oa majani mferejini kwa jembe fupi. Kijana niliyekuwa naye akatafsiri. Nikamuuliza, taytay (kama sisi na baba), nani anasafisha hapa? Akasema wote, kuna siku ya faena, kila nyumba inatoa mtu, usipokuja unalipa faini na zamu yako ya maji inakuwa hatarini. Nikamwambia kwetu inaitwa msaragambo, kabla ya kufungua ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji, kila nyumba inatoka na jembe. Akataka nilitamke tena. Nikalitamka, akalirudia polepole, alafu akauliza faini yetu ni kiasi gani.