Ajali ni ipi, tukio ni lipi?

Juzi kwa kinyozi redio ilitangaza kwamba ndege moja ilipasuka tairi ikitua, na abiria wote wakashuka kwa ngazi, mabegi mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akasema, "Ajali nyingine hiyo. Ndege zenyewe zimechakaa." Nilinyamaza kwa kumheshimu, lakini neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa ndege za kiraia, kinasema ajali ni jambo linalotokea tangu mtu wa kwanza apande ndege kwa nia ya kusafiri hadi wote washuke, na ambalo limeua au kujeruhi mtu vibaya, au ndege imeharibika sana kimuundo, au imetoweka. Tairi pekee lililopasuka halihesabiwi. Hilo ni tukio, na likikaribia sana kuwa ajali huitwa tukio kubwa.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Ajali imetoka kwenye Kiarabu, ajal, yaani muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kufa. Waarabu wenyewe magari yakigongana husema haditha, neno la ukoo mmoja na hadithi yetu: jambo lililozuka. Sisi tulilichukua neno la kudra tukalipa magari na ndege, na kudra ikaja nalo. Ndiyo maana watu wakisikia ajali wanajibu upesi kwamba haina kinga, na maswali yanaishia hapo. Msibani maneno hayo yanafariji, nami huyasema. Kwenye uchunguzi wa ndege yanaziba njia, kwa sababu Kiambatisho hichohicho kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa.

Chukua Kenya Airways. Tarehe 30 Januari 2000 Airbus A310 yake iliondoka Abidjan, Côte d'Ivoire, usiku. Mara tu ilipoinuka, onyo likalia kwamba inakaribia kukosa nguvu ya kubaki hewani. Haikuwa kweli, lakini pua ilishushwa, na ndege ikaingia baharini. Watu 169 walikufa, 10 wakapona. Tarehe 5 Mei 2007 Boeing 737-800 yake iliruka kutoka Douala, Kameruni, usiku wa mvua ya radi. Mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe haukuwa umeshika, na rubani alidhani umeshika. Ndege ikaanza kulalia kulia taratibu, gizani, pasipo mtu kuirudisha mapema, hadi ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko karibu na uwanja. Wote 114 walikufa. Ndege hiyo haikuwa imechakaa hata kidogo: ilikuwa na miezi kama sita tu tangu ikabidhiwe.

Hizo ni ajali kwa maana zote. Lakini onyo la uongo lina dawa, na rubani anaweza kufundishwa kuutazama mtambo badala ya kudhani.

Kwa hiyo mzee wangu, tairi likipasuka na watu wakashuka na mabegi yao, tuseme tukio. Na tukisema ajali, tuulize palepale: wachunguzi wamesema chanzo ni nini?