Je, wajua kwa nini ukanda wa miti kando ya kijito huanza na nyasi?

Mvua kubwa ikinyesha shambani, maji huteremka kijitoni yakiwa ya kahawia. Rangi hiyo ni udongo, na fosforasi ya mbolea imeng'ang'ania chembechembe zake. Ukiuzuia udongo, umeizuia na sehemu kubwa ya fosforasi. Kazi hiyo nyasi huiweza kuliko miti: mashina yake yaliyosongamana huyapunguzia maji mwendo, nayo yakipungua kasi huangusha tope. Ndiyo maana nyasi hukaa upande wa shamba, mita 5 hadi 8, vikafuata vichaka, kisha miti ukingoni.

Naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea iliyo katika umbo la chumvi, ni shauri jingine. Huyeyuka, ikazama na kupita chini ya nyasi. Huko chini mizizi ya miti huifyonza, na inayoponyoka hukutana na bakteria wa udongo uliolowa usio na hewa, ambao huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni ikapaa. Bakteria hao huhitaji chakula, yaani majani na mizizi iliyooza, kwa hiyo usifagie chini ya miti. Kivuli nacho kina kazi ya kuyapoza maji ya kijito: maji ya nyuzijoto 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 hazifiki 8.

Ukingo unaomomonyoka hushikwa vizuri na vipandikizi vya mti wa asili unaochipua kwa kijiti. Chagua vya unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 60 hadi 90. Kata mshazari upande wa chini, usije ukakipanda kichwa chini, kisha zamisha theluthi mbili ardhini. Miche mingine ipaliliwe duara la mita 1 kwa miaka 2 au 3. Nyasi zilezile zinazochuja tope huinyang'anya maji ikanyauka. Mifugo izuiwe kwa uzio.

Kasoro inayoua kazi yote ni mfereji. Maji yakikusanyika mahali pamoja, hupenya ukandani kama kwenye bomba, na hata upana wa mita 30 hausaidii kitu. Bomba la kutoa maji shambani hufanya vivyo hivyo chini ya ardhi. Basi kagua wakati mvua inanyesha: ukiona nyasi zimelala mstari mmoja kuelekea kijitoni, ziba hapo kwa mawe na uyatawanye maji pembeni kabla hayajaufikia ukanda.