Mtoto Akililia Wembe: Dhana Zetu Kuhusu Watoto na Moto

"Mtoto akililia wembe mpe." Hapa Ngamiani, Tanga, nimeusikia msemo huu mara nyingi mno pembeni ya jiko la mkaa: mwache aguse, akiungua siku moja hatarudia. Hakuna dhana inayoniuma kuliko hii. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, kwa hiyo chai inayomwachia mtu mzima wekundu inaweza kumchubua mtoto vibaya sana. Tena aliyeungua amejifunza kuogopa, hajajifunza afanye nini moto ukiwaka.

Ndiyo maana baadhi ya Jumamosi tunawakusanya watoto wa mtaa uani kwa mazoezi. Hatuwashi moto wowote. Tuna khanga, mkeka na ndoo ya maji.

"Moto ukitokea, mtoto atakimbia mwenyewe."

Tulipowauliza wadogo wataenda wapi, wengi walijibu: uvunguni. Mtoto akiogopa hujificha, na wazimamoto wanalijua hilo, ndiyo maana hupekua chini ya vitanda na ndani ya makabati. Hata umri peke yake hauokoi: mwaka 2009 moto wa bweni katika Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, uliua wasichana 12.

Nyumba zetu za Kiswahili zina neema moja: korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele na mlango wa uani. Basi tunamfunga mtoto khanga machoni, kwa kuwa ndani ya moshi hataona kitu, naye anatambaa akipapasa ukuta mpaka nje. Anatambaa kwa sababu moshi hupanda, hewa ya kuvuta hubaki chini. Akikuta mlango umefungwa anaugusa kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa na joto anauacha, anatafuta njia nyingine. Mara ya kwanza karibu wote hupotea kwenye korido wanayoichezea kila siku. Mara ya tatu wanatoka.

Kinachobaki ni chetu wakubwa: madirisha ya nondo, na mlango wa uani wenye kufuli usiku huku ufunguo uko chini ya mto wa baba. Utundikeni karibu na mlango, mahali mtoto anapofikia.

"Nguo ikishika moto, kimbilia maji."

Kukimbia kunaupepea. Simama, lala, biringika, viganja usoni. Kwenye mkeka watoto hucheka sana, na waacheni wacheke, mwili unashika somo.

"Maji huzima kila moto."

Si moto wa karai la mafuta. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha yakiwa yanawaka. Mtu mzima hulifunika karai kwa mfuniko na kuzima jiko. Mtoto hatumfundishi kuzima; kazi yake ni kutoka na kuita watu.

"Aliyeungua apakwe dawa ya meno."

Au ute wa yai, au unga. Vyote huchafua kidonda, na mtoto huteseka mara ya pili hospitali kinaposafishwa. Kinachosaidia ni maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba. Tuliwapa watoto saa wasimamie zoezi hili. Wakubwa ndio waliotaka kuacha baada ya dakika tatu.

"Namba ya zimamoto ni ya watu wazima."

Ni 114, na mtoto wa miaka sita anaikariri kwa siku moja. Kigumu ni kueleza alipo. Ngamiani tuna bahati, barabara zetu zina namba, hivyo tunamzoeza kila mmoja kutaja barabara ya ngapi na jirani na nini. Mtoto mmoja alitaja barabara yake, akataja msikiti, kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: "Bibi yuko chumba cha nyuma, na hawezi kutembea."