Je, wajua kwa nini rangi mpya hukimbia juu ya gari lililopigwa polishi?

Fenda imegongwa kwenye foleni ya Ubungo, imenyooshwa, imepigwa puti na praima. Fundi anapuliza rangi, na mkono wa kwanza haujakauka vinajitokeza vishimo vya duara, kila kimoja na kidoti katikati, mfano wa macho ya samaki. Wengi hulaumu rangi kuwa feki, au kompresa kutema maji. Maji ya kompresa huharibu kweli, lakini mara nyingi kosa lilikuwepo kabla bunduki ya rangi haijashikwa: nta na silikoni ya polishi bado imelala juu ya bodi.

Uso wa kila kimiminika hujivuta, kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Maji hujivuta kwa takriban milinyutoni 72 kwa mita. Mafuta ya silikoni kwa takriban 21 tu, na rangi ya gari iko katikati yao. Rangi inapofika penye chembe ya silikoni, ile ya pembeni inajivuta kwa nguvu zaidi, inajikusanya mbali na chembe ile na kuacha shimo. Ndiyo sababu pia mvua ya masika hujikunja matone juu ya boneti iliyong'arishwa.

Kuosha peke yake hakutoshi. Sabuni hubeba vumbi na mafuta mepesi, lakini nta ni kitu kigumu: ile ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende, huyeyuka kwenye nyuzi joto 80 na zaidi, na shampuu nyingi za magari zimetengenezwa makusudi zisiiondoe. Anza hata hivyo kwa kuosha, vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya vyombo kwenye ndoo ya lita 10, kisha suuza sana. Maji ya kisima cha chumvi yakikaukia juu ya bodi huacha madoa meupe, kwa hiyo mara ya mwisho suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na ufute papo hapo.

Sasa kazi yenyewe. Nta huyeyushwa na vimiminika vya jamii ya petroli, kwa hiyo nunua dawa ya kuondoa nta na mafuta kwenye duka la rangi za magari, au waiti spiriti safi. Fanya kazi kivulini, asubuhi, bati likiwa la baridi. Kwenye jua la Dar dawa hukauka kabla hujaifuta. Chukua vitambaa viwili vyeupe vya pamba, visivyofuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo, maana nayo huacha utelezi. Lowesha kimoja, futa eneo la nusu ya mlango, na dawa ikiwa bado mbichi ifute kwa kile kikavu kwa mkupuo mmoja wa upande mmoja. Geuza upande wa kitambaa kila mara.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Dawa haiteketezi nta, inaiyeyusha tu. Ukiiacha ikauke yenyewe, kimiminika kinaruka hewani na nta inarudi palepale, imesambaa zaidi kuliko mwanzo. Kitambaa kikavu ndicho kinachoiondoa kwenye gari. Rudia mara mbili, na mara tatu kwenye kingo za milango na kuzunguka nembo, ambako polishi hujificha.

Haya yote yafanyike kabla ya msasa. Msasa ukipita juu ya silikoni huisukuma ndani ya mikwaruzo, na kuitoa humo ni taabu. Baada ya msasa futa tena.

Thina kali ya kuchanganyia rangi isitumike kwa kufutia: hulainisha rangi iliyopulizwa gereji, hasa ile isiyochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha rangi iwe ngumu), na inaweza kupasua plastiki ya taa za mbele. Mafuta ya taa na dizeli huyeyusha nta lakini huacha mafuta yao. Petroli isikaribie kabisa. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Kuhusu spiriti za alkoholi, ambazo si waiti spiriti, soma lebo, kwani baadhi ya zile za vidonda zina mafuta ya nyonyo. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji, hufaa kufuta mafuta ya kampaundi (dawa ya kusugulia rangi ing'ae), lakini kwa nta ni dhaifu.

Baada ya kufuta, mikwaruzo ya zamani inaweza kujitokeza ghafla. Si dawa iliyokwaruza: mafuta ya polishi yalikuwa yameijaza. Mwambie mwenye gari mapema, kabla hajadhani umemharibia.

Kupima, nyunyizia maji safi. Yakitanda kama shuka, vizuri. Yakijikunja matone, rudia. Hakikisha sabuni imeisha kwanza, maana hata povu dogo hufanya maji yatande kwa uongo.

Vishimo vikitokea licha ya hayo, usiongeze rangi juu yake. Acha ikauke, piga msasa hadi vishimo viishe, futa upya. Yapo matone ya kuchanganya kwenye rangi ili isikimbie, lakini mengi ni silikoni yenyewe na huchafua bunduki kwa kazi zijazo, kwa hiyo ni afadhali kuyaepuka.

Uso ukishakuwa safi, usiuguse kwa kiganja. Mkono huacha jasho na mafuta. Jirani asipulize dawa ya kung'arisha dashibodi wala matairi karibu, kwani ukungu wake husafiri na upepo. Na gari likilala kwenye gereji ya wazi hadi kesho yake, rudia vitambaa viwili kabla ya kupuliza.