Jaribio la Philadelphia ni kitu gani, na huyu Carlos Allende ni nani?

Ukisikia watu wanasema "Jaribio la Philadelphia" wanamaanisha ile stori kwamba Oktoba 1943 jeshi la maji la Marekani liliifanya meli yake ya kivita, USS Eldridge, ipotee machoni pa watu pale Philadelphia, ikaibukia Norfolk, Virginia, ikarudi ndani ya dakika chache, na mabaharia wengine wakarukwa na akili. Ila mi naona utamu haupo kwenye meli, upo kwa jamaa aliyeileta.

Katikati ya miaka ya 50 Morris Jessup, mwandishi wa mambo ya UFO (vyombo vya ajabu vinavyodaiwa kuonekana angani), akaanza kupokea barua za mtu anayejiita Carlos Miguel Allende, mara Carl Allen, anayedai kaona kwa macho yake akiwa kwenye meli ya mizigo Andrew Furuseth. Barua zenyewe vituko, herufi kubwa zimetupwa tu katikati ya sentensi. Halafu kitabu cha huyo huyo Jessup kikatumwa ofisi ya utafiti ya jeshi la maji, bahasha imeandikwa Heri ya Pasaka, na pembeni mwa kurasa kumejaa maandishi ya wino wa bluu wa aina tatu, eti watu watatu wanajibizana, wanaongea kama sio binadamu wa hapa duniani! Maofisa wawili wakanogewa, mkandarasi mmoja wa jeshi huko Texas akadurufu nakala zaidi ya 100, na hapo ndo stori ikaota miguu maana watu wakawa wanauliza, kama ni uongo mbona jeshi limehangaika nayo?

Kumbe mwandiko wote ni wa mtu mmoja. Robert Goerman, mchunguzi wa Pennsylvania, jimbo lenye huo mji wa Philadelphia, alikuja kugundua kwamba wazazi wa Allende ni majirani zake kabisa, wazee anaowajua. Pamoja na jina lile la Kihispania, Carlos hakuwa Mmeksiko wala nini, ni Carl Allen, kazaliwa Springdale, Pennsylvania, 1925. Familia ilimwelezea kama mtu mwenye kichwa kikali ila mzururaji, hatulii sehemu, halafu ana mizaha ya kuwazuga watu, anatuma nyumbani makaratasi kayachorachora pembeni. Mwaka 1969 aliwaambia watafiti wa UFO kule Arizona kwamba katunga mwenyewe, baadaye akageuka akakana.

Na meli je? Kumbukumbu zake zinaonyesha Oktoba hiyo ilikuwa mazoezini Bermuda kisha New York, Philadelphia haikukanyaga. Kilichokuwepo kweli kwenye bandari za kijeshi ni kuzungushia meli nyaya za umeme ili kuua usumaku wa chuma chake, mabomu ya baharini yanayolipuka kwa kuhisi sumaku yasiigundue, yaani meli "haionekani", lakini kwa bomu tu, mtu aliyesimama gatini anaiona vizuri kabisa. Allen wakati huo alikuwa na miaka 18, na mi nahisi alidaka hilo neno moja kwenye soga za mabaharia, mengine yote akajazia mwenyewe.