OCD, inflamesheni na kumbukumbu: maswali na majibu

Mtu anayependa usafi kupita kiasi ana OCD?

Si lazima. Kwenye OCD, ugonjwa wa akili wa fikra na vitendo vinavyojirudia bila kuzuilika, kuna fikra inayojileta yenyewe, inatisha au inachukiza, kisha kuna kitendo ambacho mtu anajiona hana budi kukifanya ili atulie: kunawa, kuhesabu, kurudi mlangoni. Pwani wengi wanamfahamu yule anayerudia udhu mpaka sala ya jamaa inamalizika. Wengine humdhania mchamungu kuliko wenzake, kumbe anateseka. Daktari huanza kuufikiria ugonjwa huu pale mambo hayo yanapokula zaidi ya saa 1 kwa siku, au yanapovuruga kazi na familia.

Inflamesheni inaingiaje humo?

Mwiba ukikuchoma, kidole huvimba na kuuma kwa sababu askari wa mwili wamefika: hiyo ndiyo inflamesheni. Ubongo nao una walinzi wake, seli ziitwazo mikroglia. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto, Kanada, walipiga picha za PET (skani inayoonyesha kinachoendelea ndani ya mwili) za ubongo wa watu 20 wenye OCD na 20 wasio nayo. Alama ya inflamesheni ilizidi kwa wastani wa 32% kwa wenye OCD, tena katika mzunguko uleule wa ubongo ambao tangu zamani unahusishwa na ugonjwa huu. Kipi kilitangulia, ugonjwa au inflamesheni? Picha hazisemi. Tafiti za damu nazo zimekuwa zikipishana, kwa hiyo akitokea mtu wa kukuuzia kipimo cha damu cha OCD, mkatalie.

Nasahau kama nimezima gesi. Kumbukumbu yangu imeharibika?

Huenda iko salama kuliko unavyodhani. Wenye OCD wakipimwa, mara nyingi huonekana kuzidiwa kidogo katika kupanga mambo, kujizuia na kuhama kutoka wazo moja kwenda jingine. Lakini suala la jiko lina maelezo yake. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa 2003, watu wasio na ugonjwa wowote walipewa jiko la gesi kwenye kompyuta, wakawa wanawasha, wanazima na kukagua, tena na tena. Mwishoni walikumbuka sawasawa walichokagua. Kilichopungua ni imani: picha ya tukio ilififia kichwani, wakawa hawajiamini. Yaani kule kurudi jikoni mara ya tano ndiko kunakozaa shaka ya sita. Ndiyo maana tiba ya mazungumzo yenye nguvu hapa humzoesha mtu kukabili hofu yake hatua kwa hatua bila kufanya kile kitendo.

Basi ninywe diklofenaki, ile dawa ya maumivu na inflamesheni?

Hapana. Inaweza kukuumiza tumbo na figo bure. Kuna majaribio madogo yaliyoongeza dawa za inflamesheni juu ya tiba ya kawaida, ila hayajatosha kuwa mwongozo. Dawa zinazotumika ni kama fluoksetini, ambayo pia ni dawa ya sonona, nazo huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema hazifai.

Mwanangu ameanza dalili za OCD ghafla baada ya mafindofindo. Inawezekana?

Inawezekana, ingawa ni nadra. Mwaka 1998 Susan Swedo na wenzake nchini Marekani walieleza habari za watoto 50 walioanza au kuzidiwa ghafla na OCD au mitukutiko ya mwili (miondoko ya ghafla isiyozuilika) baada ya maambukizi ya streptokoka. Hali hiyo waliiita PANDAS. Bakteria hao ndio wanaoleta homa ya rumatiki, ambayo bado inaharibu mioyo ya watoto wetu. Mpeleke hospitali mapema, umweleze daktari siku koo lilipoanza kuuma na siku tabia ilipobadilika.